Ami, Biashara Wameipenda, Mimi Ndiye Hawakunipenda

BARUA

Assalaam aleikum Ami,

Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, umri wangu miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Baba yangu ni mvuvi, na babu naye alikuwa mvuvi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa Septemba, na wenzangu wa barazani wameshachoka kulisikia.

Miaka mitatu iliyopita mimi na mtoto wa ami yangu tulianzisha kampuni ndogo. Yeye yuko Nairobi na ndiye ajuaye kompyuta. Mimi niko huku, naijua bahari na watu wake. Kazi yetu ni barafu na samaki. Tuna mafriza ya umeme wa jua Kizingitini. Mvuvi akiwa bado njiani hututumia ujumbe kwa simu, anasema amepata nini na anataka barafu kiasi gani, nasi tunamtafutia mnunuzi Shela, Malindi au Mombasa kabla chombo hakijatia nanga. Zamani alikuwa akifika na nguru wake jua limeshapanda, barafu hakuna, anauza kwa bei atakayopangiwa. Sasa vyombo 14 vinafanya kazi nasi.

Mwaka huu tulipata mwekezaji, mama mmoja wa Nairobi kutoka mfuko unaotia pesa katika kampuni changa. Alitaka kuja kuona mwenyewe. Alifika Jumanne, Jumatano akaenda Faza kutalii, na Alhamisi tukakaa naye juu ya hoteli moja ya Shela, chini ya makuti. Mwenzake mmoja alikuwa London akitutazama kwa simu ya video. Binamu yangu alikuja kwa ndege na slaidi zake.

Slaidi zilikwenda vizuri. Kisha yule mama akafunga kompyuta, akaanza kuniuliza mimi. Ni nani kati yenu mkubwa? Nikasema sisi ni ndugu, sote sawa. Akija mtu mwenye pesa mara kumi ya zenu akaleta mafriza yake, mtafanyaje? Nikasema rizki hutoa Mungu. Ni jambo gani gumu zaidi lililowapata? Nikasema alhamdulillahi, mambo ni mazuri, changamoto ndogondogo hazikosi. Akanitazama kidogo, akauliza tena kwa maneno mengine. Nikajibu vilevile.

Ami, mimi nimelelewa hivyo. Mbele ya mtu mzima hujitapi, na mambo ya ndani huwatolei wageni. Marehemu bibi akitwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baada ya wiki mbili ikaja baruapepe. Wanasema biashara wameipenda na soko wanaliona, lakini bado hawajashawishika kuhusu waanzilishi. Waanzilishi ndio sisi. Yaani kitu chetu ni kizuri, sisi wenyewe ndio wabovu.

Binamu amekasirika. Anasema nimetuharibia kwa upole wangu na Kiingereza changu cha kutafuta maneno. Anataka tumlete mtu wa Nairobi mwenye ulimi, tumpe cheo cha mkurugenzi awe ndiye msemaji, mimi nibaki na samaki. Mke wangu anasema pesa za wageni tuachane nazo. Mama anauliza kama si riba.

Nisingependa unione mtu wa kukata tamaa. Mwezi wa Juni, kusi imeshika, betri zilikufa usiku na kilo 380 zikaoza. Niliuza mashine ya mashua yangu, ya farasi 15, nikaenda nyumba kwa nyumba Kizingitini nikamlipa kila nahodha haki yake, shilingi 300 kwa kilo. Hayo sikumwambia yule mama, wala kwenye slaidi hatukuyatia. Ni aibu yetu na tumeshaimaliza. Nakutajia wewe tu ili ujue ninavyoipenda kazi hii.

Swali langu: wawekezaji hawa wanataka mtu wa namna gani hasa? Lazima niwe mjuvi na mwenye kujigamba? Na asiyekuwa na tabia hizo hujifunza, au ampishe mwenye ulimi?

Mpole wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu Mpole,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili, nilipofika pale pa Juni, niliiweka chini nikaenda kujimiminia kahawa, maana nilitaka kukupigia kelele na wewe uko mbali.

Nianze na huyo mama. Unasema alikwenda Faza kutalii. Boti ya Faza, wewe wajua kuliko mimi, huondoka maji yanapotaka. Mtu wa Nairobi mwenye siku tatu tu Lamu, ameuacha mchanga wa Shela, ameuacha mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, akakaa botini katikati ya magunia ya unga na mitungi ya gesi mpaka kisiwa cha Pate. Kupiga picha? Kutoka Faza hadi Kizingitini si mbali, na kilo 380 za samaki waliooza si siri ya nyumba ya mtu. Kila mtoto pale aliisikia harufu yake.

Sitaapa, sikuwako. Lakini niliwahi kukaa upande wa pili wa meza kama hiyo, Mombasa, nikisoma maombi ya watu wanaotaka mtaji, na hivyo ndivyo tulivyofanya: kabla ya kumuuliza mtu habari zake, tulikwenda kwa wanaomuuzia na wanaonunua kwake. Nadhani alishajua. Alipokuuliza jambo gumu, kisha akarudia, alikuwa akikufungulia mlango. Nawe ukaufunga mara mbili, kwa adabu.

Unauliza wanataka mtu wa namna gani. Kwanza elewa kwa nini wanamtazama mtu na hawaishii kwenye samaki. Duka la miaka 20 lina vitabu vyake vya hesabu, ukivisoma utajua. Kampuni ya miaka mitatu ina vyombo 14 na ahadi. Kuna utafiti uliochapishwa 2020, wawekezaji 885 wa kazi hii hii waliulizwa wanavyoamua. Katika kila kampuni 100 za uwekezaji, 95 zilitaja timu kuwa jambo muhimu, na 47 zikasema ndilo la kwanza kuliko yote, mbele ya bidhaa na mbele ya soko. Kwa hiyo baruapepe uliyoipata haikuwa tusi. Walikwambia walipokwama.

Wala jambo hili si geni pwani kwetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa tajiri wa majahazi mawili, naye mwenyewe bahari ilikuwa ikimtapisha. Alitoa chombo na korija za boriti za kwenda Ghuba, nahodha akatoa kazi na akili yake, na faida wakagawana kwa fungu walilokubaliana. Mali ikipotea, hasara ni ya mwenye mali, isipokuwa nahodha awe amezembea au amefanya khiyana. Ndiyo mudharaba. Sasa fikiri: chombo kikishatoka hakuna simu. Tajiri yuko chini ya daka lake, ukumbi wa mlangoni, huku Lamu, na mtaji wake wote uko mkononi mwa mtu mmoja mpaka upepo ugeuke. Atamchagua vipi mtu huyo?

Mama yangu alinisimulia. Babu hakuuliza mtu ameshafika bandari ngapi. Alimkaribisha dakani, akamtilia kahawa, akamwambia, "Niambie siku uliyotosa." Kutosa, mwana wa mvuvi, sina haja kukufundisha: bahari imechafuka, unatupa shehena ili chombo kisizame. Aliyesema hajatosa maishani mwake alimaliza kikombe akaenda zake. Ama hajasafiri, ama ni mwongo. Babu alimtafuta yule atakayesema nilitosa kiasi hiki, nilianza na hiki nikakiacha kile, kwa sababu hii, na nilipofika nilikwenda kwa tajiri kabla sijakwenda kwa mke wangu.

Swali la huyo mama ni lilelile la babu. Tofauti ni makuti na kompyuta.

Nawe, mwanangu, ulikuwa na jibu ambalo wengi waliokaa mbele yangu wangelilipia. Hebu itazame Juni yako kama kisa cha mtu mwingine. Kusi imeshika, samaki wenyewe haba, mtu anauza mashine ya mashua yake, yaani miguu yake, ili awalipe watu samaki ambao hakuwauza. Na hakutuma kwa M-Pesa akajificha. Alibisha hodi kila nyumba, akatazamana na kila nahodha. Unaniuliza kama una tabia wanazozitafuta! Ukakamavu wanaousema ndio huo. Haupimwi kwa sauti. Unapimwa siku ambayo mtu mwenye akili timamu angeliacha kazi ile akenda kuomba ajira ya kaunti.

Ila kuna kitu hukuniandikia hata mimi, nacho ndicho ningekiuliza mara moja: baada ya Juni mlibadilisha nini? Mmegawa samaki katika mafriza mawili yasiyotegemea betri moja? Mmeweka mtu wa kulala pale? Mmeacha kupokea kuliko mnachoweza kuuza kwa siku? Mtu anayelipa hasara ni mwaminifu. Mwekezaji anataka pia mtu ambaye hasara ileile haimrudii. Wapo wakakamavu wa kugonga mwamba mmoja mara tano, na wanajisifu kwa subira.

Mabaharia wana neno zuri hapa. Chombo kikienda dhidi ya upepo hakikati moja kwa moja, hubisha: kinakwenda upande huu, kinageuza tanga, kinakwenda upande ule, na asiyejua atadhani nahodha amepotea. Kubisha huko si ubishi. Bandari iko palepale kichwani mwake, njia ndiyo inayopinda. M-Pesa yenyewe ilipoanza kujaribiwa 2005 ilikusudiwa watu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Watu wakawa wanaitumia kurushiana pesa. Waliokuwa wakiisimamia wangeweza kuwazuia, wakashikilia mpango. Badala yake walipoizindua kwa umma, Machi 2007, waliizindua kwa kazi hiyo ya kutumiana pesa. Mwekezaji akikuuliza maswali ya ajabu ajabu, nusu ya wakati anachungulia hilo: huyu atageuza tanga, au atakufa na slaidi zake?

Na wanapenda ujanja kidogo. Nasema ujanja, sisemi ulaghai. Mwaka 2008 vijana wa San Francisco waliokuwa wakipangisha magodoro ya kujaza upepo katika nyumba za watu walikuwa wameishiwa kabisa. Obama na McCain walikuwa wakigombea urais wa Marekani. Vijana wakatengeneza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye majina ya wagombea, wakayaunganisha kwa gundi kwa mikono yao, wakayauza dola 40 kila moja, wakapata kama dola 30,000. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, mfuko unaotia pesa katika kampuni changa, hakuvutiwa na biashara ya magodoro. Maboksi ndiyo yaliyomgeuza, akaona watu hawa hawafi kirahisi, na mwanzoni mwa 2009 wakaingia katika mfuko huo. Kampuni hiyo ndiyo Airbnb, na leo hata nyumba za Shela zimo humo. Wewe badala ya maboksi una mashine ya farasi 15. Kisa chako mimi nakipenda zaidi, kwa sababu wao waliokoa kampuni yao na wewe umelinda pesa za watu.

Sasa nikukaripie, maana si yote ni sifa.

Ulinyamaza juu ya Juni, sawa, tuseme ni malezi. Lakini slaidi zilionyesha mauzo ya Juni bila hasara ya Juni. Hapo haikuwa adabu tena. Mtu anakuja na pesa zake akutazame machoni, unamwonyesha hesabu iliyokatwa kipande. Ungekuwa nahodha wa babu, jambo hilo ndilo lingekutoa katika mudharaba ukalipe mwenyewe. Najua ulidhani umesitiri. Sitara ni kwa aibu ya mtu, si kwa hesabu ya mshirika. Marekani kuna bibi mmoja, Elizabeth Holmes, alianzisha kampuni ya kupima damu, Theranos, mwaka 2003. Ulimi anao, sauti anayo, alikusanya zaidi ya dola milioni 700. Mashine zilikuwa hazifanyi alivyowaambia. Januari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, na mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Umbali kati yako naye ni mkubwa, wala sikufananishi. Nataka uone tu kwamba ulimi ambao binamu yako anautaka hauwapi usingizi wenye pesa, hasa baada ya kesi kama ile.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alisema kweli kuhusu chema kujiuza. Lakini nguru hajiuzi akiwa amefunikwa gunia. Na hao hao wazee waliosema chema chajiuza ndio waliosema mficha uchi hazai.

Kwa hiyo la kumleta msemaji, hapana. Mwekezaji akishajua kuwa anayezungumza si anayeamua, ameshaondoka, hata kama bado amekaa. Kiingereza cha kutafuta maneno hakijamuua mtu. Na yeye ni mama wa Nairobi, Kiswahili anakijua, mwombe uzungumze Kiswahili pale penye uzito. Sitakudanganya kwamba watu hawa hawana upendeleo. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2014 ulionyesha ombi lilelile, neno kwa neno, likisomwa kwa sauti ya mwanamume linapendwa kuliko likisomwa kwa sauti ya mwanamke, na mwanamume akiwa na sura nzuri ndiyo kabisa. Upuuzi huo upo. Wapo watakaoiona kofia yako kwanza. Lakini huyu wako alipanda boti ya Faza. Usimhukumu kwa makosa ya wengine.

La mkubwa ni nani, hapo ulijibu kama ndugu na uliulizwa kama kampuni. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, hilo unalijua tangu chuoni. Kaa na binamu yako, wawili tu, bila wazee kwanza. Mmoja awe na neno la mwisho. Kwa ninavyosoma ni wewe, kwa sababu vyombo 14 vinakuja kwako, havijui programu ya simu imeandikwa na nani. Akikataa, mwulize usiku wa betri alikuwa wapi. Hapana, usimwulize hivyo, mtagombana. Mwulize nani angekwenda Kizingitini siku ile. Kisha hisa ziandikwe. Desturi ya kampuni changa ni kwamba hisa za mwanzilishi huiva, yaani huwa zake kamili, kidogokidogo kwa miaka minne, na akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha hapati kitu. Wewe utasema tumeshafanya kazi miaka mitatu. Haya, mkubaliane miaka hiyo ihesabiwe. Lakini iwe kwa karatasi. Udugu unavunjwa zaidi na mambo yasiyoandikwa kuliko yaliyoandikwa, nimeona nyumba nzima nzima hazialikani harusi kwa ajili ya mashua moja.

Kuhusu mwenye pesa mara kumi, rizki hutoa Mungu, hilo halina mjadala. Yule bedui naye aliambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Mama yule alitaka kusikia kamba yako ni ipi. Unayo: mwenye pesa ataleta mafriza, hatajua kwamba kusi ikikaza chombo fulani hakitoki na nahodha wake anadaiwa na nani, wala kwamba Kizingitini wanakuamini kwa sababu ulipokuwa na haki ya kuomba msamaha ulilipa. Mwambie hivyohivyo, kwa sauti yako ya upole. Hiyo si kujigamba, mtu anayetaja idadi ya vyombo na majina ya samaki hajigambi.

Mama yako mjibu hivi: inategemea karatasi. Wawekezaji wengine hutoa mkopo unaogeuka hisa, na huo mara nyingi una riba ndani yake. Kuna mkataba mwingine, wanauita SAFE, ulibuniwa na hao Y Combinator mwaka 2013; hauna riba wala tarehe ya kulipa, pesa zinageuka hisa baadaye. Uliza ni upi, kisha mpelekee shekhe mwenye kusoma mikataba, si mwenye kusikia tu neno mwekezaji.

Na mkeo usimpuuze. Mifuko hii hutegemea kampuni chache zikue mno zifidie zile nyingi zitakazokufa. Atakayekupa pesa atataka uende Kipini, Kilifi, pengine Tanga, na atataka uende haraka. Kama ndoto yako ni vyombo 14 viwe 40 na usiku ulale kwako, huo ni uamuzi wa heshima, na tajiri mmoja wa Malindi kwa mudharaba ya wazi atakufaa kuliko London nzima. Hilo mjadiliane nyumbani kabla hujaandika lolote.

Mkikubaliana, mwonyeshe binamu kwanza, kisha mwandikie yule mama. Fupi. Usiombe radhi aya nzima. Hivi:

"Uliniuliza jambo gumu zaidi lililotupata, nami sikukujibu. Mwezi wa Juni betri zilikufa usiku na tukapoteza kilo 380 za samaki. Wavuvi tuliwalipa shilingi 114,000, pesa nilizipata kwa kuuza mashine ya mashua yangu. Slaidi tulizokuonyesha hazikuwa na hasara hiyo. Hesabu kamili nimeiambatisha. Tangu siku ile tumebadilisha mambo haya. Jambo ambalo bado hatujalipatia dawa ni hili."

Hapo mwisho taja la kweli, na liwe moja. Usitafute dogo la kupamba.

Anaweza kukataa bado. Wanakataa wengi kuliko wanaowakubali, na sababu wanayoiandika si lazima iwe ndiyo. Ila barua hiyo hutakuwa umeipoteza, kwa sababu atakayefuata atauliza vilevile na wewe utakuwa umeshajizoesha kujibu.

Jambo moja dogo nimelisahau. Ile mashine uliiuza ikalipa deni la kampuni, kwa hiyo ni mtaji wako uliotia, na mtakapoandika hisa na binamu yako iingie kwenye daftari kwa shilingi zake. Aliyeinunua alikupa risiti, au mlimalizana kwa mkono tu? Kama ni kwa mkono, mtafute wiki hii akuandikie, kabla hajaiuza naye kwa mtu wa Kiunga.